Wali Unaonukia Mkadi

Brooklyn Center, Minnesota
9 Machi 1996

Shangazi yangu Bimkubwa,

Kabla ya salamu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kila Jumamosi namwambia Ami Abdalla kwamba nikitoka kazini naenda maktaba kusoma kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo. Siendi maktaba. Napanda basi hadi Saint Paul, naingia kwenye mkahawa mmoja, naagiza sahani ileile, nakula peke yangu, kisha narudi nyumbani na kusema leo nimesoma sana.

Sasa nakubusu mkono. Sisi huku tu salama. Ami bado anaendesha teksi ya uwanja wa ndege na mgongo unamsumbua. Anasema dada yake angekuwa hapa angemsugua kwa mafuta ya nazi. Mimi nimepata kazi kwenye duka la nguo, ndani ya lile jumba kubwa la maduka la Roseville. Nakunja sweta ambazo wateja wamezikunjua. Kazi inanifaa, maana sweta hazinisemeshi.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Wambui, msichana wa Nyeri ninayefanya naye kazi, ana gari. Siku moja alichoka na chakula cha Roseville akanipeleka Saint Paul, kwenye mtaa uliojaa maduka ya Wavietnamu. Tukaona mkahawa mdogo ambao kibao chake kinasema chakula ni cha Kimalei halisi. Niliposoma neno hilo nilikukumbuka wewe, nikasema tuingie. Wambui alinitazama, kwa kuwa mimi huwa sisemi tuingie popote.

Tukaletewa wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, matango na pilipili nyekundu ya kusaga.

"Woi! Omena na karanga?" Wambui akacheka. "Khadijah, nime-drive mpaka Saint Paul kula omena? Na mbona huu mchele unanuka perfume?"

Mimi sikucheka. Ulikuwa mkadi, Shangazi. Ulikuwa wali wako wa asubuhi ya Idi, ule ambao majirani wa Kibokoni huuita wazimu wa Bwana Osmani. Wanasema mumeo alitoka kwao Penang, kwa Wamalei, na ujuzi wote wa mpishi wa meli, akaja kuchuma maua ambayo wanawake huvaa na asumini, akayatia kwenye sufuria. Alisafiri nikiwa mtoto wa kubebwa. Sura yake siijui. Wali wake ndio ninaoujua, na nilikula ule wa Saint Paul nikiwa nimeinamisha kichwa ili Wambui asione macho yangu.

Meza ya jirani walikaa wanafunzi wawili wa Kimalei. Mmoja alimwambia mhudumu, kwa adabu sana, kwamba kwao wali huu hutiwa jani, hautiwi manukato, na kibao cha nje kinadanganya watu. Mhudumu akajibu kuwa wengi wamelalamika lakini mpishi hasikii.

Mpishi sijamwona. Nimeona mkono wake tu, kwenye dirisha la jikoni, ukisukuma sahani.

Nauliza tu, Shangazi. Wamalei wote hutia mkadi, au ni mmoja?

Mwanao,
Khadijah


Kibokoni, Mombasa
1 Aprili 1996

Khadijah mwanangu,

Barua yako imenikuta na unga mikononi, napika arusi ya watu wa Kuze. Joto limetukalia na mvua zimekataa kuja. Bomba la uani limekauka, nanunua maji. Mwenyezi Mungu akulinde na hiyo baridi.

Nassir amekuja tena, na safari hii amekuja na ndugu zangu wawili. Wameketi barazani kwangu, wakanywa kahawa yangu, wakaniambia mwanamke hakai hivi, na kwamba Nassir mkewe amekufa na ana duka na ana heshima zake. Nikawajibu kama nilivyowajibu mwaka jana. Mimi mke wa mtu. Wakavaa viatu wakaondoka.

Sasa nikuulize wewe. Nani aliyekutuma kuniandikia habari za wali? Nassir yuko barazani, barua yako iko mlangoni, na yote ni wiki moja. Abdalla na Nassir wamesoma chuoni pamoja na simu baina yao hazikatiki. Je, Abdalla alikuwa amesimama nyuma ya kiti chako ulipokuwa ukiandika, akikwambia andika hivi, muulize hivi, tuone atasema nini? Kama ni hivyo, mwambie dada yake bado ana akili.

Na kama si hivyo, basi wali ni wali. Wahindi hutia maji ya kewra kwenye biriani, nayo hutoka kwenye mkadi. Mpishi yeyote anaweza kununua chupa. Usirudi huko. Msichana kula peke yake mkahawani si mazoea mazuri, na kumdanganya ami yako ni vibaya zaidi.

Jikinge na baridi, na ule.

Shangazi yako,
Bimkubwa

Nimesahau. Hayo matango yanayokuja na wali, yamemenywaje? Nataka kujua kwa ajili ya kazi yangu tu.


Brooklyn Center
4 Mei 1996

Shangazi yangu,

Idi tuliisalia kwenye ukumbi wa kukodi, Ami na mimi, kisha tukala pilau kwa Wasomali anaofanya nao kazi. Nilipaka hina mwenyewe. Mkono wa kushoto umetoka vizuri, wa kulia usiuulize. Theluji imeyeyuka, na ninaona kwa mara ya kwanza kwamba chini yake kulikuwa na majani.

Barua yako niliisomea kwenye choo cha dukani, nikalia. Hakuna aliyesimama nyuma ya kiti changu. Hata kiti sina, naandikia kitandani. Wewe ndiye uliyenilea tangu wazazi wangu wafariki. Hujawahi kunidhania uongo, na sasa unanidhania kwa sababu ya sahani ya wali. Hilo limenifanya niamini kwamba wali huo si wali tu.

Matango yameachiwa ngozi mistari mistari, na ubavuni yamekwaruzwa kwa uma mpaka yakikatwa yanatoka kama maua. Kama yako.

Uliniambia nisirudi. Nilirudi, unisamehe. Jumamosi moja mpishi alitoka jikoni kuleta sahani yangu mwenyewe. Ni mzee mfupi, kichwa amekifunga kitambaa, na anatembea amepanua miguu kama mtu ambaye haamini sakafu. Wenye mkahawa humwita Pak Man, kama sisi tunavyosema Mzee fulani. Aliniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nikasema Kenya. Huku nikisema Kenya watu huniuliza simba. Yeye aliniuliza, "Mombasa?"

Nikasema ndiyo. Akatazama hina vidoleni mwangu, akarudi jikoni.

Jumamosi iliyofuata wali haukuwa na mkadi. Ulikuwa na jani jembamba la kijani lililofungwa fundo. Wale wanafunzi wa Kimalei walikuwepo na walifurahi sana, wakaita jikoni kwamba leo ndio wali halisi. Lakini mimi niliacha kula. Watu wamelalamika siku zote hizo na hakubadilisha. Mimi nimetaja Mombasa mara moja tu, mkadi ukatoweka. Kwa nini auondoe, kama si kwamba anajificha? Tangu siku hiyo akiniona dirishani anavuta pazia.

Kwa hiyo nimeamua jambo. Tangu utotoni nasikia wanawake wakikusema arusini: maskini Bimkubwa, mume hana na talaka hana. Kila waliposema nilitamani kuwajibu na sikuwa na ujasiri. Sasa naona nimeletwa huku kwa kazi hii. Nitamwomba Bwana Osmani akupe talaka yako, mbele ya mashahidi, upate kuwa huru. Najua mimi ni mwoga. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo, kwenye vyumba vya kujaribia nguo.

Tafadhali jibu kwa anwani ya Wambui, nimeiandika nyuma ya bahasha. Barua zote hapa huchukua Ami, na kabla sijafungua huniuliza, "Bimkubwa anasemaje?"

Mwanao,
Khadijah


Brooklyn Center
25 Mei 1996

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa haraka. Sijapata jibu lako na sijui kama umekasirika au ni posta. Mgongo wa Ami umepata nafuu kidogo. Natamani usingepata nafuu, Mungu anisamehe, angebaki nyumbani.

Juzi nilikuwa nikifua nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, Ami akaingia. Akaushika mtandio wangu wa bluu, ule ninaoutumia kuendea Saint Paul, ambao bado haujafuliwa. Akaunusa. Akaunusa tena.

"Mkadi huu umeutoa wapi, Khadijah?"

Nikajitia kukunja nguo.

"Maktaba siku hizi wanavaa vikuba vya maua?"

Nilipozidi kukunja akakaa juu ya mashine, akacheka kidogo, kicheko cha kutafakari. "Harufu hii mara ya mwisho nimeila. Nimeila, sikuinusa tu. Kwa shemeji Osmani." Unanijua, siwezi kudanganya mtu akiniangalia. Nikamwambia kuna mkahawa. Sikumwambia kuna mzee. Lakini Ami si mtoto.

Tangu hapo ananiuliza mpishi ni nani, ana umri gani, anazungumza lugha gani. Najibu sijui, sijui, sijui. Amepata ruhusa kazini Jumamosi ya tarehe 15 Juni, na amesema tutakwenda pamoja. "Kama ni yeye," alisema, "ataitamka talaka hapo hapo mezani, na Nassir ataoa kabla ya Maulidi."

Mimi ndiye niliyetaka talaka, Shangazi. Mbona nilipoisikia mdomoni mwa Ami niliogopa? Amempigia Nassir simu. Walizungumza muda mrefu, na neno nililolisikia mara nyingi lilikuwa "nyumba".

Niandikie.

Khadijah


Kibokoni, Mombasa
27 Mei 1996

Khadijah mwanangu,

Mvua imekuja yote kwa pamoja na paa la jikoni linavuja juu ya jiko, mahali pabaya kuliko pote. Watu wote wazima. Barua yako ya tarehe nne imefika leo na najibu leo leo, mwenye kusafiri nayo hadi Nairobi amekaa mlangoni ananisubiri.

Usimwombe. Umenisikia? Usimwombe talaka, na asiitamke. Neno hilo likishatoka kinywani mwa mume limetoka, hata nikiwa mimi niko Kibokoni na yeye yuko huko kwenye barafu. Halirudi kwa sababu mtoto amejuta.

Nilikudhania vibaya kwa kuwa huku nimezoea kuwadhania watu vibaya. Sasa nikwambie. Najua kuwa Osmani yu hai. Aliniandikia mara moja, miaka mingi iliyopita, kutoka bandari ya maziwani huko kwenu inayoitwa Duluth. Meli ameiacha, alisema, niende kwake. Mimi nilikuwa na mama kitandani, na nilikuwa na jiko langu ambalo nilikuwa ndiyo kwanza naanza kulipata. Sikwenda. Yeye hakuwa na karatasi za kumrudisha. Nilimjibu kwa neno moja, na neno hilo ni langu, usiniulize.

Hao wanaonionea huruma, waache. Miaka yote hii nimekaa katika nyumba yangu, napika arusi za mji mzima, namfungulia mlango nimtakaye. Dada zako wakubwa unawajua wanavyoishi kwa waume zao. Mimi kila anapokuja mtu na kofia yake na maneno yake matamu, nasema, mimi mke wa mtu, na mlango unafungwa bila kelele wala fedheha. Ndugu zangu wamenishauri niende kwa kadhi anivunjie ndoa. Hilo hawawezi kulifanya bila mimi, na mimi siendi. Leo ukiniletea talaka utakuwa umeuvunja mlango wangu kwa nia njema, na Nassir ataingia na magodoro yake.

Jambo jingine, kwa kuwa umekwisha kuwa mkubwa. Majirani wanasema mkadi ni wazimu wa Osmani. Sikuwasahihisha kamwe. Si yeye. Tulipooana alinisimulia kuwa kwao wali wa nazi hutiwa jani la mti unaofanana na mkadi. Mimi nikaona, jani la mkadi lina kazi gani jikoni, chenye harufu ni ua. Nikachuma maua nikayatia sufuria nzima, nimfurahishe. Wageni wa siku ile waliweka vijiko chini. Yeye alikula wote, akasema kesho upike tena.

Basi sasa unajua mpishi wako anapika wali wa nani.

Kama ana mke huko, usiniambie.

Shangazi yako


Brooklyn Center
16 Juni 1996

Shangazi yangu,

Nakubusu mikono yote miwili. Huku jua sasa linachelewa kuchwa na watu wanatembea nusu uchi kana kwamba baridi haikuwahi kuwepo. Wambui ananicheka kwamba siku hizi nasema sentensi nzima. Ami mzima, mgongo mzima, na moyo wake umetulia, nitakwambia kwa nini.

Barua yako Wambui aliniletea dukani Alhamisi. Ijumaa niliomba ruhusa nikapanda basi hadi Saint Paul. Sikuingia kwa mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma, penye mapipa, mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Maneno niliyoyafanyia mazoezi kwenye kioo hayakufaa tena hata moja. Alikuwa akikuna nazi. Nikasema kwa Kiswahili, "Bwana Osmani, kesho usiseme neno lolote."

Hakugeuka. Alijibu kwa Kiswahili cha Mji wa Kale, cha zamani kuliko changu. "Alokutuma n'nani?"

"Shangazi Bimkubwa."

"Bimkubwa yupi?"

"Wa Kibokoni."

"Bimkubwa wa Kibokoni huunguza vitunguu."

"Siku hizi haviungui."

"Basi si yeye," akasema, na akaendelea kukuna nazi. "Mwambie huyo alokutuma kuwa Osmani kafa. Nenda zako."

Nilitaka kukimbia, Shangazi. Miguu ilikuwa imeshageuka. Lakini nikakumbuka neno ambalo hakuna mtu wa Mombasa anayelijua isipokuwa wewe, na sasa mimi. "Maua yalikuwa yake," nikasema. "Wageni waliweka vijiko chini. Wewe ulikula wote."

Akaacha kukuna. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, muda mrefu. Nikamweleza habari za Ami na Nassir na nyumba, kwa sauti ndogo, na alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kama unamkumbuka. Aliuliza, "Bado hutia?"

Nikasema, "Kila Idi."

"Watoto wa kwetu wanakuja hapa wananiambia nimekosea," akasema. "Sijakosea. Najua jani ni lipi, friza imejaa."

Basi ikafika Jumamosi. Ami alivaa shati la pasi kama mtu anayekwenda kuposa. Tukakaa meza ya katikati. Pazia la dirisha la jikoni lilikuwa limevutwa. Mhudumu akaleta sahani mbili. Ami akainama, akanusa wake, akala tonge, akala la pili, akatulia. Jani la kijani lilikuwa pembeni, limefungwa fundo. "Huu si ule," akasema taratibu. "Huu msafi. Osmani hakuwahi kupika wali msafi kama huu maishani mwake."

Na mimi, Shangazi, nilikuwa nimeuinamia wangu, na wangu ulinukia mkadi. Alikuwa amenitilia mimi peke yangu. Sijui kama alitaka kunishukuru au kuniua. Nikauzika wali wote chini ya ile pilipili nyekundu, nikaanza kula, machozi yakanitoka ya pilipili na mengine.

Ami akanyoosha mkono. Unajua tulivyolelewa sote kwenye sinia moja, hakuna sahani ya mtu. "Hebu nionje wako."

Sijawahi kumnyima mkubwa chakula tangu nizaliwe. Niliivuta sahani kifuani. "Nina mafua, Ami. Nimekwisha kuupigia chafya."

Akaurudisha mkono haraka. "Astaghfirullahi, Khadijah! Na mtandio wako, ule mkadi?"

Nikatoa mkobani chupa ya maji ya kewra niliyoinunua Ijumaa kwenye duka la Wahindi. Nikasema hujipaka kidogo nikiikumbuka nyumbani. Hilo la kukumbuka nyumbani si uongo. Akaifungua, akanusa, akafumba macho. Nadhani na yeye alikumbuka. "Maskini mtoto," akasema. Alimwomba mhudumu amwite mpishi ili amshukuru, na mhudumu akarudi na jibu kwamba mpishi ni mtu wa Johor huko kwa Wamalei, hajui Kiingereza, na ana kazi. Jana jioni Ami alimpigia Nassir simu. Haikuchukua muda. Chupa ameiweka jikoni, anataka kuitia kwenye biriani.

Uliniambia nisikwambie kama ana mke. Sikwambii.

Nami nina langu ambalo sikuulizi. Kabla sijasafiri, wakati Ami alipotaka kunipeleka kwa binamu zake London, wewe ndiye uliyesema Minnesota ni bora. Na ramani yangu ya shule niliikuta imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi pale penye maziwa makubwa ya huku, penye Duluth, mpaka karatasi imechakaa. Nilidhani niliikunja mimi.

Sitakwenda Saint Paul tena mara kwa mara, Ami asije akanusa. Pengine Idi tu.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi. Ndugu zako wakija barazani wape kahawa na uwajibu kama kawaida, na uso wako usibadilike. Wakikuuliza habari zangu, sema nasoma sana maktaba. Haya mengine yote, ya jikoni na ya sahani, usimwambie mtu. Hata kadhi mwenyewe akikuuliza, usimwambie.

Mwanao,
Khadijah